Manyoya Juu ya Bati la Nereah

Wewe ulipita Lindi, mtaa wetu wa mabanda, mwaka wa sabini na nane, ukaona milango iliyopigwa X nyekundu ya kubomolewa, ukainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Basi soma.

Saa nne asubuhi Nereah alikuwa akianika nepi nyuma ya chumba chake, Oloo wa miezi minane mgongoni. Chiriku sita walitua kwenye kamba. Mmoja akauliza, kwa sauti ya Obiero fundi baiskeli, aliyebomolewa nyumba Januari:

"Kitanda changu kiko wapi?"

"Walikibeba wale wa lori, jirani," Nereah akajibu, akachukua nepi nyingine.

Waliobomolewa nyumba walirudi hivyo, wakiwa chiriku. Hawakusumbua mtu, walitaka punje kidogo tu za wimbi.

Shida ilikuwa kipanga. Nereah alimchunguza miezi mitatu. Ndege huyo alikaa kwenye mkaratusi ng'ambo ya reli, akatokea upande wa jua, chinichini, amejificha nyuma ya mapaa. Kundi lililoruka pamoja hakuligusa. Alingoja aliyebaki nyuma, akamnyonyolea juu ya bati. Na bati lililobaki na manyoya, kesho yake mlango wake ulipigwa X.

Watu wa Lindi wakajiona werevu. Kila mmoja akawa anamwaga wimbi juu ya bati la jirani, ili manyoya yaangukie huko.

"Tupige sufuria sote," Nereah akasema bombani. "Si mnapiga kipanga akifuata vifaranga?"

"Vifaranga ni vyangu, mama Oloo," Nabalayo wa chumba cha pili akacheka. "Kwani hao ndege ni wa nani?"

"Walikuwa wapangaji, kama wewe."

"Wacha siasa. Mtungi wako unamwagika."

Alhamisi kipanga alitokea kwenye jua. Bati la Nereah lilikuwa limejaa wimbi ambalo hakulimwaga yeye. Alipiga sufuria peke yake mpaka ikabonyea. Chiriku watano wakaruka. Obiero alikuwa bado anaulizia kitanda.

Ijumaa, X. Jumamosi, lori.

Jumapili chiriku wawili wapya walitua kwenye kamba ya Nabalayo, mmoja mdogo sana. Mkubwa akasema kwa sauti ya Nereah, "Pigeni sote."

"Habari ya asubuhi, mama Oloo," Nabalayo akajibu. Kisha akapanda juu ya stuli na kumwaga wimbi kwenye bati linalofuata.

Kipanga yuko pale pale kwenye mkaratusi. Na sufuria yako naiona, imefunikwa, haina kazi. Chukua mwiko. Toka nje, kabla jua halijapanda.