Bata wa Desemba

Bernadetha hakuwapenda bata bukini, wala hakuona sababu ya kuficha. Kila mwaka, majaruba ya mpunga ya Mabogini yakianza kutiwa maji, walikuja kwa makundi kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, shingo mbele, na kelele mbele ya shingo. Walikuwa na baka la kahawia kuzunguka macho, kama walevi waliolala na viatu. Walishuka, wakala, wakanya, wakagombana, na chakula kilipokwisha wakaruka kwenda zao.

"Kama watu fulani ninaowajua," alimwambia mama yake.

Mama Mary alielewa anasemwa nani, akaendelea kumenya ndizi za mtori. Ronald, mdogo wake Bernadetha, alikuwa Dar es Salaam mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila tarehe ishirini na tatu Desemba gari lake lilipanda mlimani, nyumbani Kilema, likiwa limebeba mke wake Pamela, binti yao Stella, na ushauri. Tarehe mbili Januari lilishuka. Katikati ya siku hizo Ronald alichinja mbuzi, akazunguka kihamba, shamba la nyumbani, mikono nyuma, akasema migomba imebanana, kahawa imezeeka, na ng'ombe wa dada yake analishwa ovyo. Kisha aliondoka, na majani ya ng'ombe aliendelea kuyakata Bernadetha.

Mwaka huu Ronald alitaka kuona bata.

"Wanatoka Ulaya, Dada," alisema mezani, akimwonyesha Stella simu. "Wanakimbia baridi. Maelfu ya kilomita."

"Wanatoka bwawani."

"Imeandikwa hapa."

"Basi waliokuandikia waje wawafukuze. Bata wa kwetu hawajui hata Ulaya iko upande gani. Wanafuata maji. Wakiona maji yanang'aa, wanashuka. Wakiona tope, wanapita. Ndiyo maana kitalu changu ni tope, na mlango wa mfereji haufunguliwi. Umesikia?"

"Nimesikia, Dada."

Kitaluni kulikuwa na miche ya mpunga ya siku tisa. Zamu ya maji ya Bernadetha ilikuwa tarehe ishirini na tano Januari, na kamati ya mfereji haikuwa na mchezo. Asiye na miche siku hiyo, zamu yake alipewa mwingine, naye akangoja msimu ujao. Mpunga huo ndio uliomlisha yeye na mama yake mwaka mzima. Kahawa ya kihamba ilikuwa imebaki ya kusimulia tu.

Jioni ya tarehe ishirini na nane jumuiya ilisali nyumbani kwa jirani. Mama Mary aliomba, kama kila Desemba, Mungu amjalie Ronald akae nyumbani siku nyingi zaidi. Wote wakaitikia, "Twakuomba utusikie." Bernadetha aliitikia kwa midomo tu.

Saa hiyohiyo Ronald alikuwa Mabogini. Stella ndiye aliyekuja kusimulia baadaye, kwa uaminifu wa mtoto. Bata walipita juu mara mbili bila kushuka. Stella akaanza kununa. Baba yake akakumbuka vizuri kabisa alichofundishwa na dada yake, akafungua mlango wa mfereji. Maji yakajaa, yakang'aa, bata wakashuka. Picha zilitoka nzuri. Mlango haukufungwa.

Asubuhi Bernadetha alikuta maji yenye kina cha kiganja kizima, kinyesi, na manyoya yakielea. Mche haukubaki hata mmoja. Bata walisimama juu ya tuta, wameshiba, wakimtazama kana kwamba yeye ndiye mgeni.

Alipanda kurudi Kilema, akamweleza mama yake kwa sentensi moja. Mama Mary alikwenda mpakani mwa kihamba, akakata jani la isale, akamtia Ronald mkononi. Kwao, anayeombwa radhi kwa isale hakatai. Hata damu imewahi kusamehewa kwa jani hilo.

Ronald alikuja nalo jikoni, amevaa viatu vyeupe. "Dada, naomba radhi. Nitakununulia mchele."

"Mchele upo sokoni kila siku. Ningeutaka huo, nisingekuwa na miguu hii iliyopasuliwa na tope."

Alitamani kulikataa jani lile. Lakini mama yake alikuwa mlangoni, rozari mkononi, akimtazama. Akalipokea.

"Nimekusamehe," alisema. "Kinywa kimesamehe, na moyo uko njiani. Sasa sikiliza. Leo naloweka mbegu nyingine. Keshokutwa tunamwaga. Zinataka wiki tatu, na mtu wa kupiga debe kufukuza bata tangu alfajiri mpaka giza. Mimi nina ng'ombe na mama. Mtu huyo ni wewe."

"Dada, nina kazi Dar."

"Mpigie bosi wako. Mtandao Mabogini upo, ulirushia picha."

"Na gari?"

"Wifi yangu haendeshi?"

"Naendesha," alisema Pamela kutoka kwenye karo la vyombo, bila kugeuka.

"Nikikataa je?"

"Uliniletea isale, Ronald. Hukuniletea maua. Mimi sikuruhusiwa kukataa, nawe huruhusiwi. Na siku ya mgeni kupewa jembe ilishapita zamani."

Tarehe mbili Januari gari lilishuka bila yeye. Ronald alikula chakula cha watu wawili, akalalamikia mbu, akatoa ushauri kuhusu namna bora ya kupiga debe. Wiki ya pili ushauri ukapungua. Viatu vyeupe vilikuwa vya rangi isiyo na jina.

"Bata wakipukutisha manyoya ya mabawa," Bernadetha alimwambia mama yake, "hawaruki wiki kadhaa. Wanajificha kwenye matete. Mwanao amepukutika."

"Mungu amesikia," Mama Mary alisema.

Usiombe tena kwa bidii namna hiyo, Bernadetha aliwaza. Lakini jioni ile, alipofika kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, hakuyaharakisha kama siku zilizotangulia.

Tarehe ishirini na tano miche ilikuwepo. Ilikuwa mifupi, lakini ilikuwepo. Maji yakaja, wakainama kupandikiza. Kundi la bata likatokea, Ronald akaliwahi debe, bata wakageuza kurudi bwawani. Aliwatazama mpaka wakawa nukta.

"Wanaondoka, Dada?"

"Wao, ndiyo," Bernadetha alisema, mgongo ukiwa umeinama. "Wewe bado una mistari minne."