Nyumba Isiyo na Moshi

Kuni zilikuwa mbichi, kama Alimasi alivyomwagiza. Elda alizipanga katikati ya sebule, juu ya mawe matatu, akapuliza hadi machozi yakamtoka. Moshi ulipanda ukaanza kuulamba ukuta, ukuta uleule aliokuwa akiumwagilia maji kila asubuhi tangu mafundi waupige lipu, usije ukapasuka.

"Acha ishike masizi," Alimasi alisema kutoka dirishani. Yeye alikuwa zamu, mlinzi wa nyumba ya pili, nayo haijaisha kujengwa, mwenye nyumba yuko Ulaya. "Mimi mbuzi inalala chumbani, masizi mpaka kwenye bati. Watu ya Bujumbura wanakuja, wanaziba pua, wanarudi. Mwaka inapita, mimi iko. Wewe unapiga deki kama nyumba iko ya baba yako. Unajipigia deki mpaka barabarani, dada."

Elda alicheka kidogo, maana ilikuwa kweli. Ziwa lilikuwa limemeza kibanda chao kule chini. Mume wake, Lukeba, akavuka kurudi Kongo kutafuta kazi, akanyamaza. Paa pekee alilobaki nalo ni hili la kulinda, na sasa mwenye nyumba alitaka kuliuza. Mnunuzi alikuwa njiani asubuhi hiyo.

"Kwa nini wananunua nyumba ambazo hawalali ndani?"

"Franga inayeyuka. Ukiificha chini ya godoro, ukiamka imekonda. Tofali haikondi. Tena huko Buja maji inawafuata mpaka vitandani, ndiyo wote wanapanda huku kwetu."

Nyuma ya Elda mwanawe, Merveille, alikohoa. Mara ya pili kikohozi kikamkunja mwili mzima, mtoto ambaye hata kusimama bado.

Elda hakufikiri. Alizikokota kuni nje kwa mikono yake, akazimwagia maji, akarudi kupepea moshi kwa kitenge. Kisha akachukua kitambaa akaufuta ule mstari mweusi ukutani, kwa sababu hapo ndipo mtoto hujishika akijaribu kuinuka.

Alimasi alimtazama mpaka alipomaliza. "Haya," akasema, akaenda kwa mbuzi wake.

Mnunuzi alifika na Mardochée, komisioneri, dalali wa viwanja. Mnunuzi alikuwa mama wa makamo, jina lake Scovia, mwenye sauti ya chini.

"Amahoro."

"Amahoro, mama. Karibu."

Akavua viatu bila kuombwa. Akapitisha kiganja ukutani, akakinusa.

"Hapa iko mutu analala kweli?"

"Nilikuambia, mama," Mardochée alisema. "Muulize huyu mwenyewe."

"Mvua ikinyesha, maji inaingia?"

Elda angeweza kusema inaingia. Lakini alikuwa amejipangia hesabu nyingine moyoni: mtu akiipenda nyumba, atampenda na aliyeitunza.

"Haiingii, mama. Ata tone. Na ukitaka, mimi nabaki nakuchungia. Nalima mboga ya lengalenga nyuma tu, sisumbui mutu."

Scovia aliinama, akamgusa Merveille shavuni. Mkono wake ulikuwa mwema.

"Umeitunza vizuri, mutoto wangu. Lakini sitaweka mutu. Nikiweka mutu, siku ya kuuza ataanza kulia, mara iko na mutoto, mara hana pa kwenda. Nataka nyumba na funguo, basi."

"Sasa nani atakaa?"

"Nani akae? Itakaa yenyewe, ipande bei."

"Murakoze," Elda alishukuru, akamwinua mtoto sakafuni.

Jumamosi mafundi walileta mlango wa chuma, wakauchomelea, wakaufunga, wakaondoka na funguo. Alimasi alimsaidia kutoa godoro hadi kando ya barabara. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Unaenda wapi?"

"Kabonga, kwa wavuvi. Wanasema huko wanatafuta wanawake wa kuanika ndagala."

"Unajua mutu huko?"

Elda alikaza fundo la kitenge kilichobeba vyombo, kisha akalikaza tena. Alipogeuka, mtoto hakuwepo kwenye godoro.

Alikuwa ametambaa hadi kwenye nyumba. Alipiga mlango kwa kiganja chake kidogo, na ndani vyumba vitupu vikaitika. Akasikiliza. Akapiga tena.