Hapa Hakuna Birdie

Torvik hakuna anayeitwa kwa jina lake. Ukimtaka Clayton Ranheim, fundi mstaafu wa kampuni ya simu, uliza Tiny, yaani Kadogo, na utaonyeshwa mtu mwenye mwili kama jokofu. Majina ya kwenye vyeti hutoka siku mbili tu, ya kubatizwa na ya kuzikwa. Hapo katikati ni utani mtupu. Ndiyo desturi ya mji ule wa kando ya Ziwa Superior, na ndiyo iliyomponza Maren Oyen.

Maren alikuwa mkutubi. Kampuni ya simu ilipotangaza kwamba inafunga huduma yake ya barua pepe, wazee wa mji walilalamika kwenye kahawa ya baada ya ibada kama watu walioambiwa wahame. Maren hajui kusema hapana. Akasema basi mji uzichukue anwani zile uziendeshe wenyewe. Alifuta kompyuta moja kuukuu ya maktaba, akaiwekea mfumo wa Linux na programu ya seva ya kupokea na kugawa barua pepe, akaitafutia nafasi stoo, kati ya makoleo ya theluji na mti wa Krismasi wa plastiki.

Kwa wengi lilikuwa suala la mazoea tu. Kwa Birdie lilikuwa jambo jingine kabisa. Birdie, ambaye kanisani wamemwandika Ardis Kvamme, alikuwa na mtoto mmoja, Soren. Siku walipomzika baba yake Soren, mama na mwana waligombana juu ya mashua ya marehemu, wakaambiana maneno yasiyorudi mdomoni, na Soren akaenda zake Alaska kwenye meli za uvuvi. Tangu hapo nyumba imeuzwa na simu ya mezani imekatwa. Kilichobaki ni anwani ya barua pepe ambayo Soren mwenyewe alimfungulia mama yake enzi za shule, kwa jina lake la utani, birdie.

"Mengine yote yakipotea sawa," alimwambia Maren. "Hiyo usinipotezee. Ndiyo mlango pekee mwanangu anaoujua."

"Haipotei, Birdie. Nakuahidi."

Ahadi ni deni, na deni lenyewe halikukawia. Seva ilipowashwa, Maren alijitumia barua ya majaribio, ikafika. Akamtumia Birdie kwa jina lake la kwenye vyeti, ikafika pia. Akajipigia makofi mle stoo, peke yake. Wiki iliyofuata Birdie aliingia maktaba na sahani ya keki za limau, theluji ikimyeyukia viatuni.

"Hivi hiyo kompyuta yako nimeikosea nini?"

"Kuna nini tena?"

"Mchungaji kanitumia zamu za jikoni za Ijumaa Kuu, zikamrudia. Eti hapa hakuna Birdie! Mimi, niliyemwokea keki ya harusi!"

"Labda amekosea herufi."

"Mchungaji? Yule hata dhambi zake anaziandika kwa mwandiko mzuri."

Maren alicheka. Alimwacha Birdie kwenye kiti cha karibu na magazeti, akakimbilia stoo. Akafungua faili la majina ya utani. Wote walikuwemo: Tiny, Lefty, Dada Spoons, na birdie naye yupo, ameelekezwa vizuri kwenye sanduku la Ardis Kvamme. Akaituma barua ya majaribio kwa birdie. Seva ikamjibu kwamba haimjui mtu huyo. Akaufuta mstari ule akauandika upya. Akaizima seva akaiwasha. Akaing'oa programu nzima akaisimika tena huku akiizomea kama mbuzi aliyeingia shambani. Jibu likawa lile lile. Basi akampigia Tiny, ambaye kila majira ya baridi huwakimbia wenzake akaenda kuota jua Arizona.

"Tiny, ni Maren. Una shughuli?"

"Kubwa sana. Nimekaa kando ya bwawa na kaptura. Kwenu theluji imefika wapi?"

"Madirishani, na usinichokoze. Seva haiwajui watu kwa majina ya utani."

"Umewaandika?"

"Wote! Na wewe ndiye wa kwanza."

"Kuandika umeandika. Umemwambia?"

"Nimwambie nani?"

"Seva, binti! Lile faili ni la macho yako wewe. Yeye halisomi hata siku moja. Ana nakala yake aliyojitengenezea kwa lugha yake, ndiyo anayoisoma. Ukibadilisha lako bila kumwamuru atengeneze nakala mpya, unaongea na ukuta. Amri yenyewe neno moja tu, newaliases. Andika, bonyeza, nenda kanywe kahawa."

Maren aliandika, akabonyeza. Skrini haikusema kitu. Akamtumia birdie barua nyingine, na mara simu ya Birdie ikalia kule kwenye magazeti.

"Imeingia!" Birdie alipiga ukelele, maktabani, mahali ambapo hata kukohoa watu huomba radhi.

"Kosa hilo lishanikuta mimi," alisema Tiny. "Mara mbili. Ukimwambia mtu nakuruka."

Maren alikata simu amepata nafuu. Akafungua kumbukumbu za seva, mle inamoandika kila anayebisha hodi na jibu alilopewa, ili ajue ni nani mwingine aliyefukuzwa amwombe radhi. Alikuwemo mchungaji. Alikuwemo muuza dawa za nguvu za kiume, huyo alistahili. Kisha, Jumapili iliyopita: soren.kvamme, kwenda kwa birdie. Imekataliwa. Hajulikani.

Alikaa juu ya boksi la taa za Krismasi. Miaka yote ile ya kimya, mtoto wa watu anarudi kupiga hodi, na mashine ya Maren inamjibu kwamba mama yake hayupo! Barua yenyewe hata neno moja halikupokelewa. Hapakuwa na pa kuitafuta.

Angeweza kunyamaza. Mlango sasa uko wazi, na Birdie asingejua kamwe. Lakini aliwafahamu akina Kvamme: ukoo ule haubishi hodi mara mbili. Na mwana aliye mbali, akiambiwa mama yake mzee hayupo, ataelewa nini? Maren alijifuta macho kwa mkono wa sweta, akatoka.

"Birdie, nina neno. Ni baya, na kosa ni langu."

Birdie aliiweka simu mapajani.

"Soren aliandika Jumapili. Seva ikamfukuza. Ikamwambia hapa hakuna Birdie. Barua haikuingia na siwezi kuirudisha. Niliahidi, nikasahau neno moja tu."

Nje gari la kusukuma theluji lilipita, likageuza, likapita tena. Maren alitamani atukanwe, lakini watu wa Torvik hawatukani, ndiyo shida yao.

"Aliandika," Birdie alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Basi yuko hai."

Hilo Maren hakuwa amelifikiria hata kidogo. Yeye aliona mlango uliofungwa, mama aliuona mkono uliobisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Na anwani yake ninayo," alisema haraka. "Seva ikimkataa mtu huandika alikotoka. Hii hapa."

Birdie alivaa miwani, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Aliandika sana, akafuta. Akaandika tena, Maren akaona neno mashua likija, kisha nalo likafutwa. Keki za limau zilikaa bila kuguswa. Mwishowe akamgeuzia simu.

"Hebu niangalizie makosa."

Palikuwa na neno moja: Nipo.

"Ndiyo hiyo tu? Huongezi kitu?"

"Kaambiwa sipo. Kwanza ajue hilo. Mengine ataniuliza mwenyewe."

Akaituma. Maren alirudi stoo kuhakikisha imepokelewa upande wa pili, akaona imepokelewa, na bado hakuondoka. Alikuwa angali amesimama pale, koleo likimchoma mgongoni, mstari mpya ulipotokea: soren.kvamme, kwenda kwa birdie. Imepokelewa.

Kule kwenye magazeti simu ililia. Safari hii Birdie hakupiga ukelele.