Anayegonga kwa Kijiko

Ulituona. Usijitetee. Uliruka miguu yetu koridoni tukiwa tumepiga magoti, ukaenda kumpa mkono bwana mwenye kofia nyeupe: "Hongera, bafu limependeza." Hukuuliza nani kalipendezesha. Miaka ishirini na mbili naweka vigae, na kila uso ulioangalia pembeni naukumbuka. Lakini leo nataka kushukuru. Sijazoea, nivumilie.

Mkandarasi wetu tulimwita Kofia, maana ile yake ilikuwa haishiki vumbi. Kazi zake, wateja wake. Sisi alituita tukihitajika, leo wa vigae, kesho wa bomba. Sheria yake ilikuwa moja: fundi haongei na mwenye nyumba. Ukiulizwa hata ni saa ngapi, jibu, "Muulize bosi."

Mimi nina kijiko. Kigae kikishakauka nakigonga kwa mpini. Kilichokaa vizuri hulia kizito. Chenye uwazi chini hulia kama kopo, na hicho nakibandua. Kwa mkunga mmoja mstaafu nilibandua kumi na kimoja siku moja kabla ya kukabidhi nyumba. Kofia akanitukana mpaka koo likamkauka. Mama mkunga alikuwa mlangoni. Aliangalia yote.

Miaka mitatu ikapita. Siku hiyo mimi na shemeji yangu, fundi bomba, tulikuwa kwenye jengo jingine la Kofia. Nagonga ukuta, nasikia sauti nyuma yangu.

"Ndiye huyu! Majengo manne namuulizia mwenye kijiko, watu wananiona nimechanganyikiwa!"

Mama mkunga, viatu vyeupe kwa saruji. Mumewe alikuwa amepooza upande mmoja. Alitaka bafu la chini, lisilo na kizingiti, kiti cha magurudumu kiingie.

"Kila nikimwogesha analia, fundi. Nataka aoge mwenyewe. Utanifanyia?"

Nikafungua mdomo. Kikatoka kile kile cha miaka yote: "Muulize bosi."

Nilijichukia papo hapo. Shemeji akanitazama. "Umeulizwa wewe. Au siku hizi bosi naye ana kijiko?"

Kofia akawa ameshafika. "Mama, mteja wangu hapiti nyuma yangu."

"Mteja wako? Kwani mimi mbuzi, nina alama yako sikioni? Ulimaliza kazi, ukanipa funguo, tukaagana. Mwezi uliopita nimekupigia mara saba."

"Bafu moja tu, mama. Sina muda nalo." Akanigeukia. "Na wewe ukienda, majengo yangu usiyakanyage tena."

Natamani kukwambia nilimjibu kishujaa. Wapi! Nyumbani wananisubiri watoto wanne na mama yao. Lakini mama mkunga hakuangalia pembeni. Alinisubiri mimi, kama mtu ambaye jibu lake lina uzito. Nikafuta kijiko kwenye suruali, nikakitia mfukoni.

"Kesho asubuhi nipo kwako, mama."

"Tupo," shemeji akasema, akiokota spana zake.

Ilituchukua siku tisa. Sakafu tuliipa mteremko kiasi kwamba maji ukiyamwaga kona yoyote yanakwenda tunduni bila kuuliza njia. Shemeji aliweka bomba kulia, upande wa mkono mzima. Nikaanza kugonga, mzee kakaa kitini mlangoni, anasikiliza.

"Rudia hicho cha pembeni, mwanangu," akasema taratibu. "Si ndiyo sauti ya kopo hiyo?"

Ilikuwa yenyewe. Nilikibandua nikicheka, na hakuna aliyenitukana.

Siku ya mwisho aliingia peke yake, akafunga mlango. Tukasimama koridoni watatu. Tukasikia maji. Halafu mluzi! Mzee anapiga mluzi! Mama mkunga akaushika mkono wangu, na saruji yake, asiuachie.

Kofia hajaniita tena mwaka wa pili huu. Wananiita majirani wa mama mkunga, ambao nao waliwahi kujengewa na Kofia, na wanazungumza na mimi mwenyewe. Asante, mama. Asante kwa majengo manne.

Sasa wewe. Inuka, nenda bafuni kwako, gonga ukuta. Ukilia kizito, jua kuna mtu aliuchubulia magoti. Ulizia jina lake leo, si wiki ijayo, na kazi inayofuata mpe yeye mwenyewe. Simu unayo mkononi. Piga.