Jeneza la Mzee Mitri

Mzee Mitri alikata roho Ijumaa Kuu mchana, akiwa ameketi kando ya dirisha kwa sababu akilala hakupata pumzi. Mapafu yake yalikuwa yameliwa na vumbi la mzeituni. Tangu ujana alichonga misalaba na ngamia wa mbao kwa ajili ya mahujaji. Mtungi wake wa oksijeni uliisha alfajiri. Gari la wagonjwa lililokuwa likileta mwingine lilizuiwa na kifaru cha jeshi pale njia panda. Tuliliona kutoka dirishani, taa yake nyekundu ikizunguka, ikizunguka, mpaka likageuza na kurudi Bethlehemu.

Shangazi Afifeh, mkewe, hakupiga yowe. Alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa cheupe, kisha akaniambia, "Najla, mwanangu, zima jiko. Hatuoki tena maandazi ya sikukuu."

Siku hizo mji wetu wote wa Beit Jala ulikuwa chini ya amri ya kutotoka nje. Wanajeshi walikuwa wameteka nyumba ya juu kabisa mlimani, na aliyeonekana barabarani alipigwa risasi. Kila Ijumaa Kuu Mzee Mitri ndiye aliyeongoza nyimbo za maziko ya Kristo, mji mzima ukimfuata na mishumaa. Mwaka ule hata kengele haikulia.

Jirani yetu Salah, seremala, Mwislamu aliyekulia ukuta mmoja na watoto wa shangazi, alitoka mlangoni akipunga shuka jeupe, akawaeleza wanajeshi kwa sauti kwamba kuna maiti. Walimjibu kwa kipaza sauti, "Mzikeni uani!"

Shangazi aliposikia alicheka kicheko kibaya. "Uani nazika paka. Mume wangu ataenda kaburini akitokea kanisani."

Basi tukakaa naye. Tulimlaza chumba cha kaskazini, madirisha wazi. Majirani wakajaza maji kwenye chupa, wakazigandisha, wakapitishiana juu ya kuta za mapaa huku wameinama, mpaka zikatufikia. Tukampangia barafu ubavuni. Umeme ulipokatika, chupa zikaja zimeyeyuka nusu, lakini zilikuja.

Karakana ya Salah, yenye mbao za kufanyia jeneza, ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo Jumamosi aliruka ukuta na msumeno na nyundo tu, akasimama mbele ya kabati la nguo la shangazi akijikuna kichwa.

"Mama, hili ni kabati la harusi yako."

"Nimelala naye miaka yote hiyo. Acha sasa alale na kabati langu."

"Na kioo je?"

"Kioo kitoe. Asije akajiona alivyokonda, atagombana na malaika."

Salah alicheka huku machozi yakimtoka. Alifanya kazi kutwa, na kila nyundo ilipolia tulihofu wale wa mlimani wangedhani ni bunduki.

Jumapili ya Pasaka nilimbusu mkono. "Kristo amefufuka, shangazi."

Alipaswa kunijibu, *hakika amefufuka*. Aliutazama mlango wa chumba cha kaskazini. "Huyu wangu bado amelala," akasema.

Padri Yakub alipiga simu. Tuliweka simu sikioni mwa marehemu, padri akamwombea kutoka nyumbani kwake, sauti yake ikikwaruza kama kuku. Kisha akamwambia shangazi kwamba kuanzia siku ile wiki nzima hakuna nyimbo za majonzi. Anayezikwa wiki ya Pasaka huzikwa kwa nyimbo za ufufuko.

"Yaani nimzike kwa shangwe?"

"Ndivyo Kanisa linavyosema, mama."

"Kanisa halijalala na maiti chumbani, baba." Akakata simu.

Jumanne asubuhi kipaza sauti kikatangaza kwamba amri imelegezwa mpaka adhuhuri. Watu wakatoka mbio. Kulikuwa na nyumba ambazo hazikuwa na unga, watoto waliokunywa chai tupu, kwa hiyo hatukumtazamia mtu mazikoni. Salah, nduguze wawili na mimi tukainua jeneza. Lilikuwa zito kuliko nilivyofikiri, na harufu ilikuwa imeanza. Shangazi alitangulia, gauni lake jeusi likiburuzika kwenye vioo vilivyovunjika.

Pale sokoni mtu mmoja aliacha foleni ya mkate, akachukua nafasi yangu chini ya jeneza. Kisha mwingine. Tulipofika kanisani nyuma yetu palikuwa na umati, wamebeba viazi, mikebe ya maziwa, mifuko ya unga. Wakaiweka chini kando ya ukuta wakaingia. Padri akaanza kuimba kwamba Kristo amefufuka, kwa mauti ameyashinda mauti. Watu wakaitikia kwa sauti ya kupasuka, wanaume wazima wakilia huku wakiimba. Nilimtazama shangazi. Midomo yake ilikuwa imefumbwa.

Makaburini tulikuwa tumemwaga udongo nusu tu, gari la jeshi likasimama langoni. "Rudini majumbani! Amri imerudi!"

"Adhuhuri bado!" Salah akapaza sauti. "Tunamalizia kaburi!"

Wakarusha mabomu ya machozi. Watu wakatawanyika wakikohoa. Shangazi alipiga magoti akawa anasukuma udongo kwa mikono, mimi nikimvuta, yeye akinisukuma, mpaka Salah akambeba mzimamzima kama gunia. Njiani alikuwa akimpiga mgongoni. "Niache! Mbwa watamfukua!"

Kwa siku zilizofuata alipanda juu ya paa, mahali pa kupigwa risasi, akitazama makaburi kwa mbali. Mbwa walipokaribia aligonga sufuria kwa mwiko. Mara moja risasi ilipiga tangi la maji karibu naye. Nilimsihi ashuke, akanifokea, "Wewe shuka, una miaka ya kuishi."

Amri ilipolegezwa tena tulienda moja kwa moja makaburini, kabla ya mkate. Udongo ulikuwa umeporomoka, ubao wa kabati ukionekana, lakini hakuna mbwa aliyeugusa. Padri Yakub naye alikuja. Shangazi akaegemea koleo.

"Baba, siku ile Kristo alipofufuka, majeraha alikuwa nayo bado?"

"Alikuwa nayo. Aliwaonyesha mikono na ubavu."

"Hakupona kwanza?"

"Hapana, mama. Alitoka nayo vilevile."

"Basi hakika amefufuka," akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka sana, akaanza kutupia udongo. Hakutaka Salah amsaidie mpaka shimo lilipojaa. Kisha tukakimbilia mkate, tukakuta umekwisha, tukarudi nyumbani na vitunguu na dengu kabla hawajafunga barabara.