Kijiko Juu ya Uso wa Mama Mkwe

Nilikuwa nimewaambia watu wa nyumbani tangu asubuhi: leo mchana bafu ni langu. Mama mkwe nikamwambia tena peke yake, maana yeye kila kitu hukiitikia "haya", kisha hufanya lake.

Nikaziba dirisha kwa blanketi, nikafunga balbu nyekundu, mwanga pekee usiounguza karatasi za picha. Mashine ya kukuzia picha, aliyoniazima mwalimu wetu wa darasa la jioni la upigaji picha, nikaiweka juu ya meza ndogo ya jikoni. Chini nikapanga mabeseni matatu: la dawa ya kutoa picha, la kuizuia isiendelee kuiva, na la kuikaza isifutike. Karatasi zilikuwa tatu tu. Kila mwanafunzi aligawiwa tatu.

Kesho yake mwenye studio angekuja darasani kuchagua msaidizi mmoja, na sharti lake lilikuwa fupi: uso mweusi, kitambaa cheupe, na vyote vionekane. Nilikuwa nimempiga picha mama mkwe na kilemba chake cheupe. Kazi ile niliitaka mpaka nilikuwa naiota.

Komeo la mlango liling'oka zamani, na kila siku mume wangu hulitengeneza kesho. Nikaufunga mlango kwa mbeleko. Binti yangu, ambaye hakubali kubaki nje ya mlango wowote nilioufunga, nikamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Saa ya kupimia mwanga sina, nahesabu kwa mdomo. Nikaweka karatasi ya kwanza chini ya mashine, nikawasha.

"Moja, mbili, tatu, nne..."

"Saba!" akapokea mwanangu.

"Siyo saba. Tano."

"Kumi!"

"Nyamaza kidogo, mpenzi."

"Kumi na kumi!"

Kwa shida nikafika kama ishirini, nikazima. Nilipoitia karatasi kwenye dawa, kilemba kilitoka kizuri, kila kunjo mahali pake, lakini uso ulikuwa mweusi kama tako la sufuria. Mwanga ukizidi, karatasi huwa nyeusi. Angalau nikaelewa: kilemba kinataka mwanga mwingi, uso unataka nusu yake. Nikafunga kijiko cha mtoto kwenye waya, nipate kuutia uso kivuli.

Karatasi ya pili nilihesabu kimoyomoyo, huku nakichezesha kijiko kisiache alama. Nikaizamisha. Nyusi zikaanza kujitokeza, halafu pua. Nilikuwa natabasamu peke yangu mama mkwe alipoutikisa mlango.

"We binti, umo?"

"Nimo, mama! Usifungue!"

"Nachukua sabuni tu."

"Mama, usi—"

Mbeleko ikaachia. Mchana wote ukaingia bafuni, na karatasi ikawa nyeusi tii mbele ya macho yangu.

"Kumbe mmekaa gizani," alisema. "Mtaumia macho."

"Mama, hii iliyoungua ni wewe!"

"Mimi? Mimi niungue nina kosa gani?"

Nilifunga mlango kabla sijasema neno la kujutia. Mtoto naye, kwa ule mshtuko, akaanza kulia, na mtoto huyu akilia utadhani analipwa. Nimebaki na karatasi moja, na kwa kelele zile kuhesabu siwezi hata mpaka tatu.

Ndipo mama mkwe akaanza kuimba kule nje, ule wimbo wake wa kumbembelezea mjukuu, mwendo uleule tangu mtoto azaliwe, hauongezeki wala haupungui. Kilio kikashuka. Nikausikiliza ubeti mmoja: ulikuwa nusu ya muda wangu wa mwanga barabara.

"Mama! Anza tena! Beti mbili tu, usiongeze maneno!"

"Unanipangia wimbo wangu?"

"Nakuomba, mama."

Nikadhani amenuna. Kisha sauti ikaanza, nami nikawasha. Ubeti wa kwanza niliachia mwanga juu ya vyote. Wa pili nikaingiza kijiko, kikawa kinacheza juu ya uso. Katikati akakohoa! Nikaziba lenzi kwa kiganja. Akasafisha koo bila haraka, akaendelea palepale alipoachia. Nikaondoa kiganja.

Kwenye dawa alikuja polepole. Kilemba kwanza, na mikunjo yake. Halafu paji, macho, ile mistari ya pembeni anayosema hana. Sikuugusa mlango mpaka nilipomtia kwenye beseni la mwisho na muda wake ukatimia.

Nikafungua. Mama mkwe akainama juu ya beseni, mikono kiunoni.

"Mbona mikunjo yangu yote umeiacha?"

"Ndiyo kazi aliyoitaka mwenye studio, mama. Kila kitu kionekane."

Akaitazama tena, muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Huyo mwenye studio akikuchukua, mwambie na aliyeimba ni nani."

"Nitamwambia."

"Haya, tokeni basi. Sabuni ilikuwa kisingizio, nimebanwa na haja tangu mlipoanza kuhesabu."