Miguu ya Kukanyaga Soya

"Ukishindwa kukanyaga soya leo, jioni unapanda basi na mimi hadi kwangu Jakarta," shemeji yangu Wartono alimwambia mama yake, mikono kiunoni. "Huku kuanguka-anguka basi tena."

Mama mkwe alikunja nguo hadi magotini, akaingia kwenye kapu la soya zilizochemshwa, palepale mtoni alipokanyagia miaka arobaini. Maganda yasipotoka, hakuna tempe, ile soya ya kuchachusha na kugandisha.

Alipoanguka, miezi minne iliyopita, Wartono alipiga simu kila siku: alale, apumzike, ale uji tu. Nami, mjinga, nikatii. Mapaja yake yakanywea, na dawa za hospitali zikamvuruga tumbo. Nesi wa kijiji ndiye aliyenifokea: "Misuli isiyofanya kazi inakwisha! Na dawa zimeua hata vijidudu vyema vya tumboni. Vilishe! Mpe tempe, mboga za majani, maharage!" Tangu siku hiyo mama alikuwa akisimama na kukaa, kusimama na kukaa, kwenye kigoda cha jikoni. Tumbo lilitulia. Miguu, sikuwa na hakika nayo.

Alikanyaga. Maganda yakaanza kuelea. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi alipouma meno na kushika mguu wa kushoto. Shavu la mguu lilikuwa limekaza kama jiwe. Nikamtoa, nikamkalisha.

"Imekwisha," Wartono alisema.

"Imekwisha nini?" Mama alifoka, akiunyoosha mguu. "Nani atamalizia soya zangu? Vua viatu, ingia."

"Mimi?"

"Kwani hiyo miguu umeazima?"

Akaingia akicheka. Dakika tano hazikufika, mapaja yake ya kukaa ofisini yakaanza kutetemeka. Soya zikateleza chini ya nyayo, akayumba kuelekea kwenye maji ya kasi. Nilipiga kelele.

Mama alikuwa ameshasimama. Aliingia kapuni, akamdaka kiunoni, akaendelea kukanyaga. Kushoto, kulia. Mguu ulimuuma, niliona usoni, lakini haukulegea. Maganda ya mwisho yakaenda na maji.

"Haya, niachie," alisema. "Nikapande basi lako."

Wartono alikuwa amemng'ang'ania shingoni, jasho likimtiririka, macho mtoni.

"Usiniachie, mama," alisema. "Nitaanguka."